Baba Aliyemtoa Binti Yake



Baadhi ya wazazi wa mtaa wetu wameuliza kama ni dhambi kwa vijana kutazama filamu za mashetani na wachawi, ambazo siku hizi zinawafikia mkononi kwa njia ya simu. Swali hilo halijibiki kwa neno moja. Nimeona afadhali tuichukue filamu moja ya namna hiyo, ya zamani kidogo, tuone inasema nini na inashindwa kusema nini.

Filamu hiyo inaitwa To the Devil a Daughter, maana yake Binti kwa Ibilisi. Ilitolewa mwaka 1976 na kampuni ya Hammer ya Uingereza ikishirikiana na Wajerumani, chini ya uongozi wa Peter Sykes. Ilichukuliwa kutoka katika kitabu cha Dennis Wheatley cha mwaka 1953, ingawa mwenye kitabu mwenyewe hakuipenda hata kidogo.

Habari yake ni hii. Yuko kasisi mmoja, jina lake Michael Rayner, aliyetengwa na Kanisa. Baada ya kutengwa hakuacha kuvaa joho wala kuongoza watu. Alianzisha jamii yake huko Ujerumani, akaiita Watoto wa Bwana, na humo akalelewa msichana Catherine kama mtawa. Msichana anasali, anatii, anaamini kwamba anamtumikia Mungu. Hajui kwamba baba yake, Bwana Beddows, alimtoa tangu kuzaliwa kwake, ili atakapotimiza miaka 18 awe chombo cha pepo aitwaye Astarothi. Siku inapokaribia, baba anashikwa na majuto. Lakini hathubutu kwenda kumpokea binti yake uwanja wa ndege. Anamtuma mtu mwingine, John Verney, Mmarekani ambaye riziki yake ni kuandika vitabu vya uchawi.

Msomaji wa Biblia atalitambua jina la pepo huyo. Limetokana na Ashtorethi, mungu mke wa Wasidoni, ambaye Sulemani katika uzee wake alimfuata (1 Wafalme 11:5). Palikuwapo na Moleki pia, ambaye wazazi walimpitishia watoto wao motoni. Mfalme Yosia alipoitengeneza nchi alipanajisi mahali pale pa moto, ili mtu yeyote asipate tena kumpeleka mwanawe au binti yake (2 Wafalme 23:10). Yosia hakuishia kuwahubiria wazazi tu. Alipaharibu mahali penyewe.

Kama kazi ya sinema, filamu hii haikulingana. Christopher Lee, aliyecheza nafasi ya Rayner, anatisha kweli, na hatishi kwa meno wala kwa pembe. Anatisha kwa sauti ya upole na tabasamu la mchungaji. Hapo watunzi walisema kweli tupu, ile aliyowaandikia Paulo Wakorintho, kwamba Shetani hujigeuza afanane na malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Lakini kwingine wametengeneza kitoto cha pepo ambacho mtu mzima hawezi kukitazama bila kucheka. Hofu ya kweli na kichekesho vinafuatana mlango kwa mlango.

Na mwisho wake ndio uliowachosha watazamaji wengi. Kwa muda wa saa moja na nusu tumeonyeshwa nguvu za giza zisizozuilika. Rafiki wawili wa Verney wamekufa kwa kumsaidia. Kisha Verney anaokota jiwe, anampiga Rayner kichwani, na mambo yamekwisha. Watu walilaumu kwamba ni mwisho wa haraka haraka. Mimi naona kosa ni la ndani zaidi. Wenye filamu walimjua Ibilisi kwa mapana, wakasoma habari za duara na damu na majina ya mapepo, lakini hawakuwa na neno lolote la kusema juu ya Yeye aliyemshinda. Sasa ulipofika wakati wa kushinda, mkono wao ulikuwa mtupu, wakaokota jiwe.

Verney ananikumbusha wale wana saba wa Skewa (Matendo 19:13-16). Nao walikuwa na maarifa ya kutosha ya kupunga pepo, hata jina la Yesu walilitumia kama dawa iliyofungwa kwenye kitambaa. Pepo aliwauliza wao ni nani, wakakimbia nyumba ile uchi na kujeruhiwa. Kujua mengi juu ya giza hakumwashii mtu taa. Nawaambia hasa vijana wanaojisifu kwamba wao hutazama tu ili wapate kujua.

Liko jambo lingine, nalo ni zito. Msichana aliyecheza nafasi ya Catherine, Nastassja Kinski, alikuwa na miaka 15 tu filamu ilipotoka, na wenye filamu walimwonyesha kwa namna ambayo hakuna mzazi hapa angevumilia kwa binti yake. Walikuwa wakisimulia habari za watu wazima wanaomtoa mtoto kwa faida yao, wala hawakuona walichokuwa wakikifanya wenyewe. Kwa sababu hiyo peke yake mimi singewapa vijana wetu filamu hii, na wala si kwa sababu ya moshi na mishumaa.

Kijana aliyeshiba sinema za namna hii hudhani kwamba kazi ya Shetani lazima iwe na duara na joho jeusi. Wazazi nao hudhani vivyo hivyo, ndiyo maana hawaogopi panapostahili kuogopwa. Tazameni Bwana Beddows. Si mchawi yule. Ni mzazi mwenye hofu, aliyetaka kujiokoa nafsi yake kwa mtoto ambaye hakuulizwa. Hata Yeftha, ambaye nadhiri yake aliitoa kwa Bwana na si kwa pepo, alifungua kinywa chake na binti ndiye aliyelipa (Waamuzi 11).

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Wazazi walikuwa wamewapeleka huko wenyewe, wakimfuata mhubiri aliyeshika Biblia, na kufunga kula mpaka kufa kukaitwa kwenda kumlaki Yesu. Hapakuwa na jina la Astarothi pale. Kila mzazi alidhani anawapeleka wanawe kwa Bwana.

Na kwetu hapa, ndugu zangu, tusemeje? Mtoto huletwa kwenye birika la ubatizo Jumapili. Kasisi anauliza, na wazazi pamoja na wadhamini wanajibu kwa sauti kwamba wanamkataa Shetani na kazi zake zote. Jumatano mtoto huyo huyo anaonekana kiunoni na kitu kilichoshonwa ndani ya ngozi, bibi amekileta, na mama akiulizwa anasema ni cha kuzuia degedege. Simlaumu mama anayeogopa; mtoto akitetemeka usiku, hata mimi ningeogopa. Lakini degedege lina zahanati, na ile ahadi ya Jumapili imeahidiwa kwa niaba ya mtu asiyeweza bado kusema. Sahihi ya Beddows nayo iliwekwa hivyo hivyo.

Waumini wa Efeso walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19). Kwetu si lazima iwe mbele ya watu wote. Kasisi amesema aliye na kitu cha namna hiyo nyumbani amletee, hata jioni, hata kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, naye hatauliza kimetoka kwa nani.