Pasi Sita za Filchock

Nikiulizwa kama mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hupangwa matokeo, namkumbuka Frank Filchock. Disemba 1946, kabla ya fainali dhidi ya Chicago Bears, mcheza kamari aliwaahidi hongo wachezaji wawili wa New York Giants. Merle Hapes alikiri kuahidiwa, akazuiwa kucheza. Filchock alikana, akaingia uwanjani, akavunjika pua na bado akaendelea. Pasi zake mbili zilizaa pointi. Sita zilinaswa na wapinzani. Bears walishinda 24-14.

Baadaye alikiri mahakamani kwamba naye aliahidiwa. Mimi naamini hakuuza mechi (muuzaji gani huvumilia pua iliyovunjika?), lakini shabiki asiyeniamini simlaumu. Pasi iliyokosewa na pasi iliyonunuliwa huruka vilevile. Uwongo wake uliwanyima wenzake hata haki ya kushindwa bila kushukiwa.

Ligi ilimfungia hadi 1950.