Dhamana ya Miaka Miwili

Swali ninalolileta hapa linaweza kuonekana dogo mno kwa insha ya maadili. Mwezi Agosti 2023, katika duka moja la kompyuta mjini Arua, niliulizwa kama nataka kulipa shilingi 180,000 zaidi ili kompyuta niliyokuwa nimeichagua ipate dhamana ya miaka miwili badala ya miezi mitatu. Nilikuwa na dakika chache tu za kujibu, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na wateja wengine. Tangu siku ile nimelifikiria jibu langu kwa muda mrefu kuliko maswali mengi niliyofanyia mtihani.

Kwanza niseme fedha zilikuwa za nani. Mama yangu anauza samaki wakavu katika soko la Koboko. Samaki wenyewe hutoka Panyimur, kwenye Ziwa Albert, na wakifika kwetu wanunuzi wake huwa Wakakwa, Walugbara, Wanubi na watu waliovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Ndiyo maana mimi na Kiswahili tulikutana sokoni kabla hatujakutana darasani. Nilipopata nafasi ya chuo, mama alinipa shilingi 1,550,000. Kompyuta niliyoichagua, iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, ilikuwa 1,350,000. Zile laki mbili za juu hazikuwa zangu. Zilikuwa sehemu ya ada ya mdogo wangu, aliyekuwa anasubiri muhula wa tatu ufunguliwe Septemba.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, na aliijua kazi yake. Aliniambia, "Dada, umeme wa kwetu unaujua mwenyewe." Nilikuwa naujua. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea mitambo ya dizeli na bwawa la Nyagak kule Zombo, lililoanza kazi mwaka 2012 na ambalo uwezo wake ni megawati 3.5 tu, za kugawiwa miji na vijiji vya mkoa mzima. Mtu aliyekulia Koboko hahitaji kuelezwa kwamba umeme hukatika, na kwamba siku nyingine ubaya wake ni pale unaporudi. Kwa hiyo woga alioutaja ulikuwa wa kweli. Niliomba niisome ile karatasi.

Ilikuwa na kurasa mbili, maandishi madogo. Kasoro za kiwandani zilifunikwa. Diski na ubao wa ndani vilifunikwa. Halafu ikaja orodha ya yasiyofunikwa: maji, vumbi, kuanguka, betri, na madhara ya kupanda na kushuka kwa umeme. Nilirudia mstari huo mara mbili. Jambo lile lile alilonitisha nalo ndilo lililotajwa kuwa halimo. Nilimwonyesha. Hakubisha wala hakuona haya. Alisema tu kwamba karatasi hizo zinaandikwa Kampala. Ukarabati nao ulifanyika Kampala, mteja akijilipia gharama za kuituma kompyuta kwa basi, safari ya kilomita karibu 500.

Nilimuuliza, "Wewe ungenunua?" Alicheka, kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Alisema kama tatizo langu ni mzazi, ataandika jumla moja kwenye risiti, shilingi 1,530,000, bila kutenganisha. "Mzazi anataka risiti. Hatauliza ndani yake kuna nini."

Sitaki kumfanya mtu mbaya. Nadhani aliona msichana mwenye hofu akamtafutia njia. Lakini pale pale swali likabadilika. Mwanzoni lilikuwa: je, karatasi hii ina thamani ya laki na themanini? Sasa likawa: je, naweza kuununua utulivu wangu kwa fedha za mwingine, huku nikimficha bei yake? Na ukweli ni kwamba nilishawishika. Nilijiambia kuwa ninamlinda mama, maana kompyuta ikifa ni yeye atakayeumia. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kumhurumia mama yake na kumwibia kwa wazo lile lile.

Kuhusu thamani ya dhamana yenyewe, kuna mwanahisabati Mswisi, Daniel Bernoulli, aliyeandika mwaka 1738 juu ya mfanyabiashara wa St. Petersburg aliyenunua bidhaa Amsterdam zenye thamani ya rubli 10,000. Kati ya meli 100 zinazosafiri majira hayo, 5 hupotea. Bima ni rubli 800. Ukipiga hesabu ya kawaida, hasara inayotarajiwa ni rubli 500, hivyo mfanyabiashara anayelipa 800 anapunjwa. Bernoulli hakuishia hapo. Aliuliza mfanyabiashara huyo ana nini kingine nyumbani. Akiwa na mali nyingine isiyofika rubli 5,043, anafanya busara kulipa ijapokuwa bei imezidi, kwa sababu kwake meli moja ikizama inazama na maisha yake. Aliye tajiri zaidi ya hapo aache.

Nililisoma hilo baadaye, mwaka wa pili, nikashtuka, kwa sababu lilikuwa linanipinga. Watu wengi wanaotoa ushauri husema usinunue dhamana za nyongeza, ni faida ya duka tu. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye uwezo wa kununua kompyuta nyingine. Mwenye maduka mawili pale mjini Koboko akiharibikiwa na kompyuta atakasirika, kisha atanunua nyingine. Mimi ningeacha kuandika kazi za darasani. Kwa hesabu ya Bernoulli, maskini ndiye mwenye sababu ya kulipa. Lakini hesabu yake imesimama juu ya jambo moja ambalo hakuhitaji kulitaja: meli ikizama, bima inalipa. Karatasi yangu ilikuwa bima ya meli isiyohusika na mawimbi.

Tena kuna sheria. Uganda inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na humo muuzaji anayefanya biashara hiyo, akielezwa mnunuzi anataka kitu kwa kazi gani, anawajibika kuuza kitu kinachoifaa kazi hiyo. Haki hiyo hailipiwi. Sijui wangapi kati yetu tumewahi kuitaja dukani.

Nilitoka nje nikampigia mama simu. Alikuwa sokoni; nilisikia mtu akibishana naye bei. Nilimweleza yote, isipokuwa lile la risiti, ambalo sikumwambia hadi Krismasi.

Aliuliza, "Huyo anayeahidi, siku ya shida utampata wapi?"

"Kampala, mama."

"Kampala ni kubwa." Akanyamaza kidogo. "Zile laki mbili ni za mdogo wako. Lakini anayekijua hicho chombo ni wewe. Ukiona ni lazima, nunua, nami nitatafuta nyingine."

Nilikuwa nimepiga simu ili aniamulie, naye akanirudishia uamuzi ukiwa mzito zaidi. Nilirudi ndani nikasema hapana. Laki mbili nikazituma Koboko jioni ile. Nikajiwekea nadhiri: kila mwezi nitatenga shilingi 10,000 kutoka kwenye matumizi yangu, na baada ya miezi 18 nitakuwa na dhamana yangu mwenyewe, isiyokwenda Kampala.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni Mwislamu, aliipenda hadithi hii kwa sababu zake. Alinieleza juu ya gharar, yaani biashara ambayo kinachouzwa hakijulikani: unalipa leo kwa kitu ambacho huenda kikawepo au kisiwepo. Kwake, njia inayofaa ni watu kuchangiana wakinuia kusaidiana, na atakayepatwa na shida achukue. Nilimwambia hicho nakijua. Mama yangu yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu tofauti. Kando ya akiba kuna mfuko wa jamii, ambao kila mmoja hutia shilingi 500 kwa wiki kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Niliwahi kumuuliza mama amechukua nini humo kwa miaka yote hiyo. Alisema hajachukua chochote, na akasema kwa sauti ya mtu anayetaja baraka.

Hapo niliona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Fedha ambazo mama hakuzichukua zilimpeleka mtoto wa mwenzake hospitali. Fedha ambazo mnunuzi wa dhamana hazichukui, baadhi hutengeneza kompyuta ya mteja mwingine, nakubali, ila zinazobaki ni za duka, na kadiri orodha ya yasiyofunikwa inavyorefuka ndivyo zinavyobaki nyingi. Mwenye duka ana sababu ya kutamani karatasi iwe na matundu. Wanawake wa sanduku hawana sababu hiyo.

Hata hivyo nisilipambe sanduku. Ili uingie lazima ujulikane. Mkimbizi aliyefika juzi katika kambi ya Lobule, pale pale wilayani Koboko, hana wa kumsemea, na kikundi kina haki ya kumwogopa. Kwa mtu kama huyo, ahadi ya mgeni iliyoandikwa kwenye karatasi, anayeweza kuinunua yeyote mwenye fedha bila kuulizwa ni mtoto wa nani, ina uadilifu ambao ujirani hauna. Kwa Kiswahili neno dhamana ni lile lile la mahakamani, ambapo mtu mzima anasimama na kusema, huyu akitoroka nitafuteni mimi. Ni vizuri kuwa na mtu wa namna hiyo. Ni vibaya kuishi katika nchi ambamo asiye naye hana chochote. Kama karatasi ile ingekuwa ya kweli, ikifunika umeme wetu na kutengenezwa Arua, nafikiri ningemwomba mama anunue, na ningekuwa sahihi.

Novemba 2024 diski ya kompyuta yangu ilikufa. Si umeme, si maji. Asubuhi moja iliwaka, ikaandika mstari mmoja mweupe, basi. Diski ilikuwa miongoni mwa vile vilivyofunikwa.

Kwa bahati mbaya ya nyongeza, miezi ile daraja la Karuma lilikuwa limefungwa kwa matengenezo na magari ya Kampala yakizungushwa njia nyingine, hivyo sijui kompyuta ingefika lini na kurudi lini. Lakini sitaki kujificha nyuma ya daraja. Fundi wa pale Koboko alitaka shilingi 170,000 kwa diski mpya na kazi yake. Kwa nadhiri yangu nilipaswa kuwa na 150,000. Nilikuwa na 40,000. Zilizobaki nilizitumia kwa fotokopi, kwa chakula, na mara moja kwa viatu, ambavyo vilikuwa vizuri.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya bahati katika maadili: kwamba tunawasifu na kuwalaumu watu kwa matokeo yasiyokuwa mikononi mwao. Nilijaribu kujitetea kwa hoja hiyo. Nilisema uamuzi wa dukani ulikuwa mzuri kwa yale niliyoyajua, na diski kufa hakuufanyi kuwa mbaya. Bado naamini hivyo. Lakini hoja ile inanitetea mahali ambapo sikukosea. Kosa halikuwa kuikataa karatasi. Kila mwezi, kwa miezi 15, nilikuwa na shilingi elfu kumi ambazo nilijua ni za nini, nami nikazila. Muuzaji angeweza kuniambia jambo moja la kweli ambalo hakuniambia: fedha ukishamlipa yeye, huwezi kuzila tena.

Nilipokataa ile karatasi nilisema hasara ikija nitaibeba mwenyewe. Ilipokuja, mama alikopa shilingi 130,000 kwenye sanduku, na alinitumia kabla sijamaliza kueleza. Hakuuliza habari ya nadhiri, ingawa nilikuwa nimemwambia habari zake kwa majivuno siku ile ya Krismasi. Mdogo wangu alifunga shule wiki ile ile, ada yake ikiwa imekamilika, na hilo nalilinganisha na mengine yote kila ninapojaribu kuamua kama nilifanya vyema pale Arua.

Sasa kompyuta inaandika insha hii. Bawaba moja imelegea nimeifunga kwa gundi. Miaka miwili ya ile dhamana ambayo sikununua imeisha Agosti hii. Kila mwisho wa mwezi natuma Koboko shilingi elfu kumi, kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Nimebakiza elfu hamsini, na riba ya kikundi, ambayo mama anakataa kunitajia ni kiasi gani.