Uso Uliovimba Kwenye Runinga

Kwenye skrini, mzio mkali wa chakula una sura moja. Mhusika anatafuna, anasita, anajishika shingo, na kabla hajameza tonge la pili midomo imeshafura na macho yamezibika. Mtazamaji anajua papo hapo kuna nini. Sindano inatolewa, inachomwa, mgonjwa anavuta pumzi ndefu, hadithi inaendelea. Katika filamu ya Hitch ya mwaka 2005, Will Smith anavimba uso kwa sababu ya vyakula vya baharini, anakunywa dawa ya maji ya mzio, na tukio lote linageuzwa kichekesho. Mwaka 2008, katika tamthilia ya The Big Bang Theory, Howard anakula karanga kwa makusudi huku akijua zinamdhuru, ili tu kumchelewesha rafiki yake asirudi nyumbani mapema na kuharibu sherehe aliyoandaliwa kwa siri. Watu wanacheka. Mimi naona picha hizi zinatufundisha kitu, tena kitu kibaya: zinatufundisha kusubiri uvimbe.

Natasha Ednan-Laperouse alikuwa na umri wa miaka 15. Tarehe 17 Julai 2016, akiwa na baba yake katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, wakielekea Nice, Ufaransa, alinunua mkate uliojazwa zeituni na mboga. Alijua fika kwamba ufuta unamdhuru. Karatasi ya mkate ilisomwa, na ufuta haukutajwa popote, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya wakati ule haikumlazimisha muuzaji kuorodhesha viambato kwenye kila kifungashio cha chakula kilichoandaliwa palepale dukani. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga. Mkate wa ufuta wa Zanzibar humwonyesha mlaji punje zake juu kabla hajaumega. Huu haukuonyesha kitu.

Kilichofuata hakifanani na tamthilia. Koo lilianza kumwasha, akapewa dawa ya kutuliza mzio. Baadaye, wakiwa angani, mabaka mekundu yakajitokeza tumboni na pumzi ikaanza kubana. Baba alimchoma sindano mbili za adrenalini, moja baada ya nyingine. Hazikutosha. Moyo ulisimama, na siku hiyohiyo binti yule akafariki hospitalini huko Nice. Baba huyu alikuwa na sindano, alijua kuzitumia, na alizitumia. Wazazi wa Natasha walipigania mabadiliko mpaka Oktoba 2021 ilipoanza kutumika sheria iliyopewa jina la mtoto wao, inayotaka viambato vyote viandikwe kwenye vyakula vya namna hiyo.

Nakaa kidogo kwenye lile koo lililowasha, maana hapo ndipo skrini inapotupoteza. Anafilaksisi, yaani mzio uliosambaa mwili mzima, huweza kuanza na jambo dogo kabisa: muwasho kooni, sauti kukwaruza, tumbo kusokota, kutapika, kizunguzungu, au hofu ya ghafla ambayo mgonjwa hawezi kuieleza. Kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya kumi, ngozi haionyeshi chochote. Hakuna vipele, hakuna uso uliofura, na shinikizo la damu linashuka kimyakimya. Mara nyingi dalili huanza dakika chache baada ya kula, lakini zinaweza kukawia hata saa mbili, wakati sahani zimeshaoshwa na hakuna anayekumbuka kilichokuwa kwenye mchuzi.

Zikishaanza, muda ni mfupi. Daktari Richard Pumphrey wa Manchester, aliyechunguza vifo vya aina hii Uingereza, alionyesha mwaka 2000 kwamba kwa waliouawa na chakula, pumzi au moyo ulisimama ndani ya kama dakika 30 hivi, ukichukua kipimo cha katikati. Nusu saa inatosha kumtuma mtoto duka la dawa akalete Piriton, kuimeza, na kukaa kungoja ifanye kazi. Dawa za jamii hiyo hupunguza muwasho na vipele. Hazifungui koo linaloziba wala hazipandishi shinikizo la damu lililoanguka. Kwa hiyo kile kichekesho cha Hitch ndicho kinachonisumbua kuliko vyote, kwa sababu kinampa mtazamaji tiba isiyo tiba, tena kwa furaha.

Pumphrey aliona na jambo jingine, alilolichapisha mwaka 2003. Baadhi ya wagonjwa walikufa pale walipoinuliwa wima au kuketishwa. Damu imeshatuama miguuni, na mtu akisimamishwa, moyo unabaki hauna cha kusukuma. Sasa fikiria tunavyowapeleka watu hospitali. Mgonjwa anashikwa kwapa mbili, anatembezwa hadi barabarani, anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na shemeji. Tunafanya hivyo kwa upendo na haraka, na tamthilia hazijawahi kutuonyesha vinginevyo, maana mhusika wao akishachomwa sindano huinuka na kuondoka kwa miguu yake. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayetapika alazwe ubavu. Aliyebanwa sana pumzi aachwe aketi, miguu ikiwa imenyooshwa mbele.

Hata sindano yenyewe skrini imeiharibu. Mwaka 1994 Pulp Fiction iliwaonyesha watu sindano ikikitwa kifuani, na ingawa kisa kile kilikuwa cha dawa za kulevya, picha imebaki vichwani. Adrenalini ya mzio huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na ile ya sindano ya kalamu kama EpiPen hupenya hata suruali. Dakika tano zikipita bila nafuu, ya pili ichomwe. Kwetu kalamu hizo ni adimu na bei yake ni kubwa, lakini adrenalini ya vichupa vidogo ni dawa ya kawaida, imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kwa mtu mzima, nusu ya kichupa cha miligramu moja, pajani, mkononi mwa mhudumu wa afya. Ukifika kituoni taja chakula kilicholiwa na useme unahofia mzio, usiseme tu kwamba mgonjwa kaumwa ghafla.

Kuna dhambi nyingine ya filamu hizi, ya kufanya mzio uwe silaha ya mzaha. Mwaka 2018, katika Peter Rabbit, sungura wanamrushia mtu beri zinazomdhuru mpaka moja inaingia mdomoni. Malalamiko ya wazazi yalikuwa makali kiasi kwamba Sony iliomba radhi. Tamthilia ya Freaks and Geeks, katika kipindi kimoja cha mwaka 2000, ilifanya vizuri zaidi. Mwanafunzi haamini kwamba mwenzake Bill hali karanga, anamtilia kwenye mkate ili ahakikishe, Bill anaishia hospitalini, na mkosaji analazimika kuitazama kazi ya mikono yake. Yule kijana namfahamu. Anakaa nasi mezani na kusema, “Onja kidogo tu, mwanangu, huku kwetu hatuna magonjwa ya Wazungu.” Mwingine anaunga kisamvu kwa karanga zilizosagwa, anaulizwa, anajibu ni nazi tu, kwa kuogopa mgeni atakataa chakula.

Waandishi wa tamthilia wa Dar es Salaam na Nairobi wanapenda mandhari ya hospitali, na wanaifikia hadhira ambayo hakuna kipeperushi cha afya kinachoweza kuifikia. Nawaomba waandike hivi: harusini, dada mmoja anasema tumbo linamsokota na anahisi jambo baya linakuja. Hajavimba. Shangazi anasema ni joto. Wifi yake, anayejua kwamba hali karanga, anamlaza kwenye mkeka, anamweka miguu juu ya kiti na kumzuia kila anayetaka kumwinua. Gari linaletwa, anapakiwa kiti cha nyuma akiwa amelala. Kituoni anachomwa pajani, baada ya dakika tano anachomwa tena, anapata nafuu na kuomba arudi ukumbini kabla bibi harusi hajaondoka. Daktari anakataa, anamwambia dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila yeye kula kitu kingine, na anamwandikia kitanda mpaka asubuhi.