Asiyehimiza

Ndugu msomaji, Sura ya Al-Maun ina aya 7 tu, na wengi wetu tumeihifadhi tangu chuoni. Lakini ni wachache wanaozingatia kuwa hapo, baada ya anayemsukuma yatima, analaumiwa asiyehimiza maskini alishwe. Kulisha kwataka mali; kuhimiza kwataka ulimi, na ulimi kila mtu anao.

Tazama nchi yetu ya Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, chakula, makazi na matibabu. Tangu 2013 zahanati na madarasa ya chekechea yamo mikononi mwa kaunti, na sheria yataka wananchi washirikishwe bajeti inapotengenezwa. Mkutano ukiitishwa, wangapi wetu huenda? Twabaki barazani tukisema, "Wakubwa hawasikii."

Kisha Ijumaa twampa mtoto mwenye njaa sarafu, tukaona deni limekwisha. Sadaka ni njema, lakini yamshibisha mmoja leo. Neno la haki likisemwa mahali pake huenda likawashibisha mia mwaka mzima.

Mtasema siasa si kazi ya mcha Mungu. Je, mali ya umma si amana? Na yatima hana fungu ndani yake?

Basi ukiitwa, nenda. Uliza: zahanati ina dawa? Watoto wa chekechea wametengewa uji? Usiposikizwa, uliza tena. Angalau hutahesabiwa katika wasiohimiza.

Wabillahi tawfiq.