Baba Swimingi na Lita Elfu Nne

Picha iliyo kwenye boksi la bwawa la watoto ni ileile duka kwa duka. Watoto wanne wanarushiana maji, mama amekaa pembeni na kofia pana, nyasi zimekatwa na ardhi ni tambarare. Boza halimo. Wavu wa kuopolea majani haumo, wala geti. Bwana mmoja wa Goba, huko vilimani pembezoni mwa Dar es Salaam, aliinunua picha hiyo Kariakoo mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa, akaifunga juu ya gari na kuipeleka nyumbani. Watoto wake walimpokea getini kwa vigelegele, na kufikia Jumapili mtaa ulikuwa umeshambatiza: Baba Swimingi.

Kununua hakukuwa kosa. Desemba ya Dar ni ndefu na ina joto, baharini ni mbali ukihesabu foleni, na hoteli yenye bwawa hutoza kila kichwa. Bwawa lake lilikuwa la kusimamisha uani, fremu za chuma na plastiki nzito, upana wa mita tatu na ukuta wa sentimita 76. Bei yake haikufika gharama za sherehe moja ya kipaimara. Bei ya boksi aliipigia hesabu vizuri kabisa. Maji hakuyapigia.

Bwawa la upana huo likijazwa hadi kina cha sentimita 60 linameza zaidi ya lita 4,200, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hapo uani panakaa tani nne na ushee. Ni kama kuegesha magari manne ya IST kwenye eneo la chumba kimoja cha kulala na kuomba ardhi isisogee. Fundi aliyeitwa kulisimamisha alizunguka uwanja mara moja, akasema, "Baba, hapa pameinama. Tuchimbe huku juu kwanza." Akajibiwa kwamba watoto wanasubiri. Basi wakajaza mchanga upande wa chini, wakaukanyagakanyaga, wakatandika turubai, na boza la lita 5,000 likaingiza mpira.

Maji hukaa sawa hata pale ardhi isipokuwa sawa, kwa hiyo mwinamo wote huhamia kwenye ukuta. Asubuhi ukingo wa upande wa migomba ulikuwa umeshuka kiganja kizima, mchanga umezama, na miguu miwili ya fremu imetanuka kwa nje. Ikabidi limwagwe, na walivyokuwa na haraka wakalifungua lote kwa mkupuo. Zaidi ya lita elfu nne zikashuka kilima zikapitia jikoni kwa jirani. Wanaoijua kazi hii huchimba upande wa juu badala ya kujaza wa chini, maana udongo wa kujazia hushindiliwa na uzito wa maji mpaka ukazama, ilhali ule wa asili ulishakaa. Fundi alikuwa ameyasema hayo siku ya kwanza, na siku ya pili alilipwa upya kuyasema tena. Boza nalo likalipwa upya. Jirani aliletewa kilo mbili za sukari na salamu nyingi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya raha kweli. Watoto wa mtaa walikuja wakitoka mchangani, wakaruka majini bila kujimwagia hata kopo moja, wengine na nguo walizoamkia. Ndani ya siku chache maji yalipoteza uangavu, kisha yakawa na ukijani, ukuta ukateleza. Baba Swimingi akaletewa klorini ya unga iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni, bila lebo wala maelekezo, akamimina kikombe kizima katikati. Watoto walitoka na macho mekundu. Nguo ya kuogelea ya binti mkubwa ilipauka mabegani.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya kuogelea yanatakiwa kuwa na klorini huru isiyopungua miligramu 1 kwa lita, na pH kati ya 7.0 na 7.8. Ukilenga miligramu 2, lita 4,200 zinahitaji gramu 8 na kitu. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 hiyo ni gramu 13 hivi, kijiko kimoja cha chakula. Unga unatiwa kwenye ndoo yenye maji, na si maji kutiwa kwenye unga, unakorogwa, kisha unamwagwa bwawani jioni watoto wakishatoka. Jioni ndiyo wakati wake kwa sababu jua hula klorini: ikiwa haina kinga, saa chache za jua kali zinatosha kuimaliza. Kwa hiyo kile kikombe cha robo kilo kilikuwa karibu mara ishirini ya kipimo, na siku chache baadaye kilikuwa kama hakijawahi kutiwa. Klorini haiwekwi ya wiki nzima kwa mpigo. Na anayeinunua asichanganye ya aina moja na ya aina nyingine, wala asiiweke karibu na tindikali. Mchanganyiko wa kwanza unaweza kuwaka au kulipuka, wa pili unatoa gesi ya sumu.

Kuna vijikaratasi vya kupimia vinavyobadilika rangi vikichovywa majini. Pua haiwezi kufanya kazi hiyo. Ile harufu kali tunayoisifia tukisema bwawa limetiwa dawa, pamoja na macho kuwasha, mara nyingi hutokea klorini inapokuwa imekutana na mkojo na jasho ikafungwa humo. Yaani bwawa linalonuka sana "dawa" huenda ndilo lililoishiwa. Hata klorini ikiwa sawasawa haiui kila kitu kwa kasi moja. Bakteria wa E. koli hufa kwa chini ya dakika moja, giardia huchukua kama dakika 45, na kriptosporidi, kijidudu cha kuhara, hustahimili zaidi ya siku kumi. Mtoto anayeharisha haingii, hata akilia namna gani, na mwenye bwawa lazima awe tayari kumwambia hivyo mama wa mtoto wa jirani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Januari shule zikafunguliwa. Pampu ya kuchuja ilizimwa kwa sababu ya luku, ngazi ikaachwa ilipo, bwawa likabaki limejaa robo tatu chini ya turubai lililolegea katikati. Mvua moja tu ikafanya kidimbwi juu ya turubai, na humo viluwiluwi wakaanza kucheza. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue, hupenda hasa maji ya namna hiyo yaliyotuama karibu na watu, na kutoka yai hadi mbu anayeruka anahitaji wiki moja au siku kumi hivi za joto. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na wengi wetu tunakumbuka maumivu ya viungo ya wale waliougua. Mke wa Baba Swimingi alisema mara kadhaa kwamba maji hayo yamwagwe. Akajibiwa kwamba yameshalipiwa boza mara mbili.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Geti liliachwa wazi kidogo kwa ajili ya kijana anayeleta gesi. Mtoto wa jirani wa pili, wa miaka miwili, akaingia, akapanda ngazi, akakanyaga turubai. Dada wa kazi alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo, na hakusikia kitu. Watu hudhani anayezama hupiga kelele na kutapatapa kama kwenye filamu. Mtoto mdogo huzama kimya, kwa sababu pumzi ya kupigia kelele ndiyo hiyohiyo inayomwishia. Dada alikuja mbele kufuata vibanio, akaona turubai limebonyea vibaya. Alimvuta mtoto kwa mguu. Akakohoa, akatapika, akalia, na kwa kuwa alilia tunaweza kuisimulia habari hii kwa sauti ya kawaida.

Kabla hajalia vizuri, watu watatu walikuwa wameshataka kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mtindo huu umezoeleka sana na ni wa hatari. Kumning'iniza mtoto au kumkamua tumbo kunapoteza dakika ambazo hazipo, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Asiyepumua hulazwa chali mahali pagumu, hupuliziwa pumzi mdomoni kwanza kwa sababu anachokosa ni hewa, kisha hukandamizwa kifua, huku mwingine akiita msaada. Anayepumua naye apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Mtoto huyu alilazwa usiku mmoja kwa uangalizi, akarudi anacheza.

Jioni kikao kikakaa sebuleni, na mshitakiwa alikuwa dada. "Ulikuwa wapi?" Alikuwa anafua nguo za watu sita. Kabla ya hapo alikuwa amepika, amepiga deki na amepeleka mtoto tuisheni. Tangu Desemba hakuna aliyemwambia kwamba sasa yeye pia ni mlinzi wa maji, mshahara haukupanda hata shilingi, na kuogelea hajui. Palepale ilisemwa arudishwe kwao. Mke wa Baba Swimingi ndiye aliyeuliza swali lililokizima kikao: saa ile mtoto anaingia, mwenye bwawa alikuwa wapi? Alikuwa amelala chumbani.

Lile swali la "dada ulikuwa wapi" linasikika kwenye nyumba nyingi za mjini, na linaficha jambo ambalo Marekani limeshahesabiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la Pediatrics uliangalia mabwawa haya ya kusimamisha kati ya 2001 na 2009 na ukakuta vifo vya watoto 209. Karibu wote walikuwa chini ya miaka mitano, na wengi walizama nyumbani kwao wenyewe. Julai 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya huko ilitangaza marekebisho ya mabwawa yapatayo milioni 5 ya Bestway, Intex na Polygroup yenye urefu wa sentimita 122 au zaidi, kwa sababu mkanda unaopita nje ya miguu ya fremu uliwapa watoto mahali pa kukanyagia. Watoto tisa walikuwa wamefariki. Bwawa la Goba lilikuwa fupi na halimo kwenye orodha hiyo, lakini mtoto hahitaji mkanda wa kiwandani. Ndoo iliyopinduliwa inatosha, pampu inatosha, kiti cha plastiki kinatosha. Ngazi iliyosahauliwa ndiyo usiseme.

Ubaya wa bwawa la bei nafuu uko kwenye saizi yake. Beseni kubwa la watoto lenye kina cha kiwiko linamwagwa kila jioni kwenye migomba, na hatari yake inaisha siku hiyohiyo. Bwawa la kuchimbwa kwa mamilioni hujengewa uzio kwa sababu aliyetoa mamilioni hukumbuka pia uzio. Hili la katikati ni kubwa mno kumwagwa kila siku na la bei rahisi mno kuonekana linastahili uzio, ambao kwa mbao na bawaba za kujifunga zenyewe ungegharimu kuliko bwawa lenyewe. Australia hawakuliacha hilo kwenye hiari ya mtu. Katika majimbo kama New South Wales na Queensland, bwawa linaloweza kubeba maji ya kina kinachozidi sentimita 30 linatakiwa kuzungushiwa uzio, liwe la kuchimbwa au la boksi. Kwetu uzio wa nyumba tunao tayari, ila umejengwa kumzuia mwizi wa usiku na mchana unaachwa wazi kwa kijana wa gesi.

Asiyekuwa na fedha ya uzio bado ana njia. Ngazi iingie ndani ya nyumba na kufungiwa stoo kila watoto wakitoka, na kila saa ya kuogelea iwe na mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina, aliyekaa karibu kiasi cha kunyoosha mkono, simu ikiwa mezani. Watu wazima watano wanaopiga soga pembeni ya bwawa ni sawa na hakuna, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Na mwezi ambao hakuna wa kukaa, bwawa liwe tupu, limekunjwa.

La Goba lilimwagwa wiki hiyohiyo, polepole safari hii, kwa mpira mwembamba, jirani wa bondeni akisimamia mwenyewe. Dada hakurudishwa kwao. Machi akapatikana mnunuzi kutoka Kimara, akaja na kirikuu, akakagua plastiki na fremu, kisha akaomba apunguziwe bei: ngazi, pampu na vijikaratasi vya kupimia vibaki tu, yeye anataka bwawa. Mke wa Baba Swimingi alimpunguzia, akampakilia vyote hata hivyo, na wakati dereva anawasha gari akamuuliza uwanja wake umeinama upande gani. Mnunuzi akasema hajaangalia.