Mtegemea Waya

Ziko methali mbili za Kiswahili zisizopatana. Moja yasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyengine yasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga waliziacha zote mbili bila ya kuamua kati yao. Ugomvi huo ulipata kuonekana wazi kisiwani Unguja katika siku ambazo umeme ulikatika, na haukurudi kesho yake wala wiki ya pili yake.

Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wake kutoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Fumba. Waya huo wa kwanza uliweza kubeba megawati 45. Mei 2008 njia hiyo iliharibika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Tarehe 10 Disemba 2009 yakajirudia yale yale, na mara hii ilikuwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya wa pili, wa megawati 100.

Kilichowaelemea watu wakati ule hakikuwa giza. Giza lina kandili, lina kibatari, na mwezi nao una zamu yake. Kilichowaelemea ni maji, kwa kuwa maji ya mjini huvutwa kwa pampu, na pampu ni umeme. Umeme uliingia Unguja kama pambo la majumba ya Sayyid Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Na pambo likizimika hakuna anayelala na kiu. Baada ya karne moja lile pambo limekuwa koo la mji.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Babu ambaye hakuwa na umeme alikuwa na kisima, kamba na ndoo, na alikuwa na jirani wa kusaidiana naye kukisafisha kisima hicho. Mjukuu ana mfereji. Umeme ukikatika, mjukuu harudi pale alipokuwa babu yake. Huanguka chini zaidi, kwani kisima kimefukiwa au kimeachwa, kamba haipo, na ule mkataba wa mtaa umesahauliwa. Kwa hivyo si kweli kwamba anayepoteza umeme hurudi zamani. Zamani ilikuwa na vyombo vyake.

Atasema mtu kuwa watu wa pwani hawakupata kujitosheleza hata siku moja, na atakuwa amesema kweli. Walitegemea kaskazi na kusi. Lakini nahodha alimjua bwana wake. Upepo ulikuwa na msimu, ulikuwa na majina na dalili zake mawinguni, na aliyeutegemea alilazimika kuusoma. Waya hausomwi. Anayewasha taa Kikwajuni pengine anatumia maji ya bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, na mvua iliyolijaza ilinyesha katika nyanda za Mbeya na Iringa, ambako huenda hajafika wala hana haja ya kufika. (Upepo umetungiwa mashairi mangapi? Na waya umetungiwa mangapi?) Kitu kinachotumika vizuri kila siku hutoweka akilini mwa anayekitumia, na yule aliyesahau anachokitegemea hujiona kuwa hamtegemei mtu.

Friji yaonyesha hayo vizuri zaidi. Zamani samaki aliyezidi alikuwa na njia chache: kuliwa, kukaushwa akawa ng'onda, au kupelekwa kwa jirani, maana kesho angeoza. Ukarimu ule ulisukumwa na joto la mchana. Friji imemwezesha mtu kumweka samaki wiki tatu, na kwa mara ya kwanza kumnyima jirani kumekuwa na faida. Umeme ukikatika hiari hiyo huondoka: ama agawe, ama atupe. Je, anayegawa nyama inayoyeyuka ni mkarimu? Wako watakaosema hapana, kwa kuwa amelazimika. Hukumu hiyo ni kali mno. Sehemu kubwa ya wema wa watu wa kale ililazimishwa na hali namna hiyo hiyo, na mazoea yaliyotokana na kulazimika ndiyo yaliyokuja kuitwa tabia njema. La kuulizwa ni iwapo tabia hiyo inaweza kubaki pale kinachoilazimisha kinapoondolewa.

Si kila utegemezi unaopokelewa, hata hivyo. Tanja Winther, mtafiti wa Norway aliyeandika kitabu mwaka 2008 juu ya umeme katika kijiji cha Uroa, alikuta watu wamekwishakuwa na taa na televisheni, lakini chungu bado kiko juu ya kuni. Gharama ilikuwa sababu, na ladha ilikuwa sababu. Umeme ukikatika, jiko kama hilo halina habari.

Wako wanaolisifu giza: baraza zilijaa, nyota zilionekana, watoto walisimuliwa hadithi. Sifa hizo hazitoki kinywani mwa aliyepandisha ndoo ghorofa ya nne Michenzani, na aliyepandisha mara nyingi alikuwa mwanamke au mtoto. Mzazi anayejifungua kwa mwanga wa tochi hana haja ya nyota.

Na baraza yenyewe ilikaa karibu na jenereta ya nani? Mashine ile huligawa giza: huyu ana taa na pampu, yule wa ukuta wa pili ana moshi na kelele. Mwenye nayo aliinunua kwa haki yake. Lakini kelele na moshi wake hauishii uani kwake, na jirani hakuulizwa. Akija jirani na simu yake kutaka kuichaji, au na ndoo kutaka maji, aweza kumtoza bei ya petroli aliyoitumia, na hapo hakuna wa kumlaumu. Akimtoza zaidi kwa kuwa mtaa mzima hauna pengine pa kwenda, hapo ameshaanza kuuza dhiki ya jirani, na petroli imekuwa kisingizio tu.