Si Kila Kipele Ni Mzio

Palikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyejulikana mtaa mzima kwa mzio wake. Vumbi likimpata, kifua humbana; akila dagaa, ngozi humuwasha. Basi alipopata homa na vipele vyekundu, nyumba haikubabaika. "Mwanangu, si mzio wake ule ule?" bibi akamwambia mama mtu. Mtoto akapewa dawa ya mzio na ya kushusha homa.

Siku ya nne homa ilikuwa bado inawaka. Macho yalikuwa mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, ulimi mwekundu wenye vinundu, viganja na nyayo vimevimba. Kila dalili ilipata kisingizio chake: macho ni vumbi, midomo ni homa, ngozi ni dagaa. Jirani aliyewahi kuwa muuguzi akaonya, "Dada, mzio hauleti homa kali ya siku zote hizi. Mpeleke hospitali." Akajibiwa, "Mtoto wangu namjua mwenyewe."

Wiki ya pili homa ikaisha yenyewe. Ngozi ya ncha za vidole ikabambuka, mtoto akarudi kucheza, na nyumba ikamshukuru Mungu. Miezi ikapita. Akawa akikimbia analalamika kifua, na wote wakasema ni pumu. Daktari hakuridhika, akaagiza kipimo cha moyo. Mshipa unaolisha moyo ulikuwa umetuna.

Ugonjwa uliomletea homa ile, wa uvimbe wa mishipa ya damu, huitwa Kawasaki, na wengi wanaoupata hawajafikisha miaka 5. Daktari Tomisaku Kawasaki alimwona mgonjwa wake wa kwanza Tokyo mwaka 1961, akachapisha habari za watoto 50 mwaka 1967, tena katika jarida la mzio. Mwanzoni hata yeye alidhani hauachi madhara. Vifo vya ghafla vya watoto ndivyo vilivyofichua kwamba unashika moyo. Usipotibiwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa ya moyo. Akipewa dripu ya immunoglobulini (kingamwili) ndani ya siku 10 za mwanzo, hatari hiyo hupungua sana.

Tafiti za Taiwan zimeonyesha kuwa pumu, mafua ya mzio na ukurutu huonekana zaidi kwa watoto waliowahi kuugua Kawasaki. Haijathibitika kwamba ugonjwa mmoja huzaa mwingine, lakini yote huhusisha kinga ya mwili iliyopindukia. Kwa hiyo kuwa na mzio hakumkingi mtoto na Kawasaki.

Mzazi, homa ya mtoto ipimwe mapema, malaria ikiwemo. Ikiendelea, huku macho, midomo, ngozi au viganja vikibadilika, rudi hospitali kabla ya siku ya 5 kwisha, ukataje dalili zote, hata zilizokwisha kutoweka. Aspirini usimpe kwa kujiamulia. Hiyo ni kazi ya daktari. Na homa ikikatika bila matibabu, bado mpeleke akapimwe moyo.